Jina Likiitwa Mara Tatu

Kwa miaka kumi na tisa niliamini, nikiwa na akili zangu timamu, kwamba katika mahakama kuu moja ya India jina la mwenye kesi huitwa mara tatu mlangoni siku ya hukumu, na asipoitika kwa sauti yake mwenyewe, jaji hufunga faili na kumpa ushindi yule wa upande wa pili aliyekuja. Wakikosekana wote wawili, mali huchukuliwa na serikali na jaji huenda kula mapema. Sikuambiwa haya na mlevi. Niliambiwa na Mzee Popat, karani mkuu wa ofisi yetu, mtu aliyekuwa akivaa tai hata akienda kununua maziwa. Mtu wa tai hasemi uongo. Na hilo pia niliamini.

Nawaandikia ninyi makarani mliobaki pale Ilford, juu ya duka la sari, kwa kuwa mliniomba niwaachie maarifa kabla sijasahau. Ya vyeo sitasema. Nilianza kama karani, nikamaliza kama karani mwenye kiti kinachozunguka. Nitasema ya kazi.

Nilipotoka Korogwe kuja Landani kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia mabasi kwenye karakana. Mabasi niliyoyafagia mimi yakipangwa mstari mmoja yatafika Korogwe, yatageuza, na la mwisho bado litakuwa halijatoka getini. Jioni tatu kwa wiki nilisoma sheria katika chuo cha jioni, darasa la watu waliochoka: wauguzi, walinzi, na dereva mmoja wa teksi aliyeweza kulala macho wazi huku anaandika. Nikapata cheti. Mke wangu alikitundika jikoni juu ya jiko, na hadi leo kinanukia vitunguu. Nadhani ndicho cheti pekee cha sheria Uingereza nzima kinachonukia kitu cha maana.

Mwenye ofisi, wakili Bi Nayana, alizaliwa Kisumu. Siku ya usaili alikitazama kile cheti, akakinusa, akakirudisha.

"Hamisi bhai," akasema, yaani ndugu Hamisi, "unaweza kukaa na mzee wa miaka themanini akakusimulia ugomvi wa ukuta kwa saa tatu, usitazame saa?"

"Mimi nina wajomba," nikamjibu.

"Njoo Jumatatu."

Siku hiyo ya Jumatatu ndipo nikaelewa tunauza nini. Wateja wetu walikuwa wazee wa Kihindi waliozaliwa Moshi, Jinja, Kisumu na Unguja, maisha yakawaleta huku, lakini nyumba na mashamba ya wazazi wao yako Gujarat. Ndani ya nyumba hizo wamo ndugu zao, ambao wamestarehe na hawana nia ya kutoka. Kesi ziko kule, kwa mawakili wa kule. Sisi tulikuwa watu wa katikati: tunaandaa viapo, tunatuma hati, halafu tunasoma hukumu mpya za mahakama ile na kumweleza mzee zinamhusu vipi. Na wazee walitaka kuelezwa kwa Kiswahili. Watoto wao waliozaliwa hapa hukaa pembeni na simu zao, na mzee anayetaka kuzungumza jambo lisilowahusu hana lugha salama kuliko ile ya dukani kwa baba yake. Kwa hiyo kazi niliipata kwa lugha ya mama yangu. Cheti kiliendelea na vitunguu.

Mzee Popat ndiye aliyenifunza. Alinikabidhi sindano ndefu ya kutobolea karatasi, kamba nyeupe ya kufungia faili na kioo cha kukuzia maandishi. Kisha akanipeleka mbele ya printa na kunitambulisha.

"Huyu ni mkwe," akasema. "Usimsemeshe kwa ukali, na usimwombe kitu mbele ya wageni."

Alinifunza kufunga faili kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Alinifunza kwamba mteja akisema "kwa ufupi" nichemshe maji ya chai. Alinifunza kuanza kusoma hukumu kutoka mwisho, kwa sababu jaji anaweza kutumia kurasa sitini kukufikisha kwenye neno moja, na mzee aliyeketi mbele yako anataka lile neno. Ushauri huu ushikeni. Umeniokolea maisha, ingawa, kama mtakavyoona, ndio pia ulioniponza.

Wiki ile ile ya kwanza akanivuta kando, akalegeza tai, na kuniambia lile la jina kuitwa mara tatu. "Kwa hiyo siku ya hukumu," akasema, "mteja wako awe kule. Si wakili. Yeye. Na awe na koo zima." Nikaandika kwenye daftari. Nikapigia mstari.

Kila Ijumaa nilikuwa nachapisha hukumu za wiki za mahakama ile. Wapo watu hapa Landani wanaolipia viti kwenye kumbi za maigizo, sijui wanatafuta nini. Mimi nilimsoma mwalimu mstaafu aliyenyimwa pensheni kwa kuwa kitabu cha idara kilisema amekufa. Alipokwenda mwenyewe kujionyesha, idara ikamtaka alete barua kutoka kwa mtu anayemfahamu, awe hai. Nilimsoma mume aliyeiambia mahakama kwamba ameikana dunia, amekuwa mtawa, hana tena mke wala majukumu. Jaji akaomba kuona picha zake za mtandaoni, na mtawa alikutwa amekumbatia pikipiki mpya. Niliwasoma ndugu wawili waliogombea ukuta wenye upana wa kiganja mpaka ukuta ukaanguka wenyewe kwa uzee, wakaomba mahakama iamue nani alikuwa na haki ya kuutazama ukianguka. Hapo naweza kuwa nimeongeza chumvi. Lakini ukuta ulianguka.

Halafu siku moja nikakuta mlalamikaji ni mungu wa hekalu. Ameshtaki mpangaji. Nikampelekea Bi Nayana karatasi, nikamwambia mkwe amechanganya kurasa.

"Hajachanganya," akasema bila kuinua kichwa. "Sheria ya kule inamtambua mungu wa hekalu kama mwenye mali. Inamhesabu kama mtoto ambaye hatakua, kwa hiyo mtu mzima anamsimamia kesi yake."

Nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Sikuamini hata kidogo. Ilikuwa kweli tupu, na mimi nikatikisa kichwa kama mtu mwenye elimu. Lakini lile la jaji kula mapema nililibeba kama amana.

Mzee Popat alipofariki nilirithi meza yake, na pamoja na meza, imani yake. Nikaboresha. Nikatengeneza karatasi ya safari: pasipoti, viza, dawa za presha, pipi za koo. Kila kesi ilipokaribia hukumu nilimpigia mteja simu nikamwambia afunge begi. Wengine waliporudi wakasema majina yao hawakusikia yakiitwa, niliwaambia kwa upole kwamba masikio yakizeeka yanachagua. Bi Nayana aliwaona wanasafiri akadhani wanakwenda harusini. Mhindi wa Ilford akienda India nani atamuuliza sababu?

Sasa mje kwa Mama Hansa.

Mama Hansa alizaliwa Moshi, dukani kwa baba yake, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Mara ya kwanza alipokuja ofisini nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasahihisha barua niliyokuwa nimeandika. Mumewe, Mzee Ramnik, naye wa Moshi, alikuwa mtu mkali wa aina ile inayoamini safari ni jambo la wanaume na mizigo. Mama Hansa alikuwa na dada mmoja tu, Manju, mjane, aliyekuwa akiishi chumba cha nyuma katika nyumba ya baba yao kule Gujarat. Watoto wa marehemu kaka yao walitaka nyumba yote. Hoja yao ilikuwa kwamba binti akishaolewa hana chake nyumbani kwao, hasa binti aliyepotelea Afrika na kisha Landani. Mama Hansa alifungua kesi kudai sehemu yake na ya Manju. Mahakama ya chini ikasema sheria imekwisha badilika, binti ana haki sawa na kaka. Watoto wa kaka wakakata rufaa mahakama kuu. Wakishinda, Manju na sufuria zake wako barabarani.

Rufaa ile ilipangwa, ikaahirishwa, ikapangwa, ikaahirishwa. Na orodha ya kesi za siku hutoka jioni ya kuamkia siku yenyewe, maana yake mtu wa Ilford anayetaka kuwepo anahitaji ndege ya kivita. Kwa hiyo nilikuwa namtuma mapema, akae kwa Manju, asubiri. Karibu kila mwaka nilimpigia, "Mama Hansa, mahakama inakuita," naye anajibu kwa sauti ya mtu anayepelekwa machinjioni, "Haya, Hamisi. Nitafanyaje? Mwambie Mzee." Ndiyo, mimi ndiye niliyekuwa namwambia Mzee. Mzee Ramnik ananguruma kwenye simu, anauliza kama hiyo mahakama haina huruma kwa mume wa mtu, kisha anakubali, kwa sababu mtu mkali huheshimu mahakama. Mama Hansa anakwenda, anakaa mwezi, kesi inaahirishwa, anarudi.

Kiangazi kilichopita, mimi nikiwa nimebakiza wiki chache kustaafu, wakili wa kule alituma ujumbe: hukumu inatolewa Alhamisi. Wakati huo Mzee Ramnik alikuwa hospitalini. Kiharusi kilikuwa kimemlaza wodini wiki tatu, na madaktari walikuwa wameanza kuzungumza kwa ile sauti ya chini ambayo Waingereza wanaitumia kwa mvua na kwa kifo. Nilipanda basi nikaenda, na karatasi yangu ya safari mfukoni.

Nilimkuta Mama Hansa ameketi pembeni ya kitanda, anamkata mumewe kucha.

"Mama Hansa, ni Alhamisi. Ukiondoka kesho unafika."

"Siendi."

"Wataita jina lako."

"Waache waite."

"Mara tatu, Mama! Hapo nyumba imekwenda, na dada yako anatolewa chumbani. Miaka yote hii ndiyo unaitupa?"

Nilisema mengine. Nilimwambia mwanawe wa kiume anaweza kukaa na mzee siku tatu. Nilimwambia mzee amelala, hatajua. Nilikuwa natetea nyumba ya mtu kwa bidii zote za chuo cha jioni, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wameacha kukohoa ili wasikie vizuri. Mama Hansa aliweka kikata kucha chini.

"Hamisi, Manju leo ana paa. Huyu sijui kama ana kesho. Nenda nyumbani."

Niliondoka nimekasirika. Sasa najua Mzee Ramnik alikuwa amebakiza siku tisa, na kwamba nilikuwa nimekuja na karatasi yenye pipi za koo kumnyang'anya mkewe tatu kati ya hizo.

Mahakama ile siku hizi hujionyesha mubashara mtandaoni. Bi Nayana alinifungulia kwenye simu yangu, na Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa mezani jikoni, chini ya cheti, naangalia. Kulikuwa na majaji wawili, rundo la mafaili na feni. Namba ya kesi yetu ikasomwa. Wakili kijana mwenye shati jeupe akasimama akainama. Mimi nikasubiri mlango na jina.

Hakuna aliyeita jina. Nikadhani wameita nje na kipaza sauti hakikunasa. Nikaruka.

"Yupo!" nikapiga kelele. "Yupo! Yuko Ilford! Ana mgonjwa!"

Mke wangu alikuwa anakoroga uji. "Unaongea na nani?"

"Na jaji!"

"Anakusikia?"

Jaji hakunisikia. Alisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, "Rufaa imetupwa," akasukuma faili, akataka kesi inayofuata. Pumzi mbili. Miaka yote ile, pumzi mbili, na feni ikaendelea kuzunguka.

Rufaa imetupwa. Nilimwona Manju barabarani na sufuria zake. Nilikaa kwenye basi la kwenda hospitalini nikilia waziwazi, na kwa kuwa hii ni Landani, abiria wote walitazama madirisha, hata yule ambaye hakuwa na dirisha.

Mzee Ramnik siku hiyo alikuwa macho, ameegemezwa mito. Mama Hansa alikuwa anamlisha mtindi kwa kijiko.

"Shikamoo Mama. Nimekuja kukupa pole," nikasema. "Jina halikuitikiwa. Rufaa imetupwa."

Aliniangalia. Alimaliza kijiko alichokuwa ameshika, akampangusa mumewe mdomo, kisha akauliza, kama mwalimu anayempa mtoto nafasi ya pili:

"Rufaa ilikuwa ya nani, Hamisi?"

Miaka kumi na tisa karani, cheti jikoni. Rufaa ilikuwa ya watoto wa kaka yake. Wao ndio waliokata, na ya kwao ndiyo iliyotupwa.

"Manju alinipigia kabla hujafika," akasema. "Anapika vitamu vya laddu kwa mtaa mzima." Akatoa simu kwenye pochi akanipa. Wakili wa kule alikuwa ameshamtumia hukumu. "Wewe si huwa unasoma mwisho kwanza? Leo nisomee ukurasa wa kwanza."

Nikavaa miwani. Ukurasa wa kwanza una majina ya wenye kesi, na chini yake orodha ya waliohudhuria. Kwa warufani: wakili fulani. Kwa wajibu rufaa: wakili fulani. Hakuna Hansa. Hakuna mtoto wa kaka. Mawakili tu. Ukurasa ule upo kwenye kila hukumu niliyochapisha kila Ijumaa, na mimi, mwanafunzi mtiifu wa Mzee Popat, nilikuwa nauruka kwenda kwenye lile neno.

"Lakini Mama," nikasema, "wewe ulikuwa unakwenda. Mara zote zile."

"Nilikwenda mahakamani mara moja, mwaka wa kwanza. Askari wa mlangoni akaniuliza, wakili wako yupo? Nikasema yupo. Akaniambia, basi bibi, nenda nyumbani, jua kali. Nikaenda kwa Manju. Tukakaa kwenye bembea ya baba, tukala maembe mwezi mzima." Alisema hayo huku anakunja leso ya mumewe. "Mwaka uliofuata ukanipigia tena."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akainua kidevu kidogo kuelekea kitandani. "Huyu angeniruhusu kwenda kumsalimia dada kila mwaka? Lakini mahakama ikimwita mtu, nani atakataa?"

Kitandani kukatokea sauti kama ya kiti kinachoburutwa. Mzee Ramnik alikuwa anacheka. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande, na maneno yalikuja moja moja, lakini Kiswahili cha Moshi kilikuwa kizima.

"Nilijua," akasema. "Kila mara anarudi amenenepa. Nani ananenepa mahakamani?"

Mama Hansa akageuka kumtazama, na kwa muda mrefu mimi sikuwepo mle chumbani. Alimshika mkono. Kijiko cha mtindi kikaanguka, hakuna aliyekiokota.

Niliposimama kuondoka, bado nina simu yake mkononi, nikasema kitu kimoja cha mwisho cha kuitetea heshima ya ofisi: kwamba Mzee Popat mwenyewe ndiye aliyenihakikishia.

"Popat alikuwa anasimulia baraza la kijijini kwao, enzi za babu yake; hata sisi alitusimulia," akasema Mama Hansa, akichukua simu yake. "Mahakama Kuu haimhitaji mwenye kesi, Hamisi. Wakili akiwepo, inatosha."